Kikombe cha Mjapani na Ugoro wa Mama Mkwe

Nianze na aibu yenyewe ili tuimalize. Jumapili moja asubuhi, watu wazima wenye akili zao wakiwa kanisani, mama mkwe wangu alinikuta jikoni kwake Kisesa, nimepiga magoti nyuma ya mtungi wa maji, mkononi nimeshika kikombe chake, na pua yote imejaa ugoro wake.

Kwa mtu asiyejua ukwe wa Kisukuma, hiyo ni habari ya mwizi wa kikombe. Kwa anayejua, bora ningekutwa nafungua ng'ombe zizini. Mkwe wa kiume haingii jikoni kwa mama mkwe. Hali naye, hakai naye mkeka mmoja, hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mmoja anapisha anaingia majanini. Siku hizi wengi wameacha, utawaona mjini wanapiga picha na wakwe zao wamekumbatiana. Mama mkwe wangu hajaacha hata kidogo. Mimi kwetu ni Mara, pembeni ya ziwa, na nilipooa nilimwendea mkono mbele kama mgombea udiwani. Mama akageuka akaingia ndani. Mkono ukabaki hewani, nikaona nijikunie kichwa tu, usipotee bure. Tangu siku hiyo namwamkia nikiwa mbali, natazama miti.

Sasa nilifikaje jikoni. Ni kwa sababu ya kikombe.

Kabla sijaoa nilikuwa nalinda nyumba na kumwagilia maua kwa mzee mmoja wa Kijapani, mtaa wa Pasiansi. Alikuwa anafundisha useremala chuo kimoja upande wa Geita. Siku za kazi anakuwa kule, mwisho wa wiki anavuka na kivuko pale Busisi anakuja kupumzika. Kazi ya ulinzi niliipata kwa sababu shule niliishia kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe nilikisoma nikiangalia dirishani. Kiingereza sikuwa nacho. Mzee naye Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, basi tukaongea Kiswahili, kila mtu anakosea kwa raha zake.

Jioni alikuwa anakaa barazani anatazama ziwa, anakunywa pombe ya mchele ya kwao, inaitwa sake. Kikombe chenyewe kidogo, ukigugumia mara moja kimeisha. Kwetu mtu akikupa kipimo kile unajua anakuonjesha, debe liko nyuma. Mzee hapana, ndiyo hiyo hiyo. Anainua kwa mikono miwili, anakitazama kikombe, anakigeuza, anakitazama tena upande wa pili, ndipo anakunywa. Nikawa najiuliza kama anakunywa pombe au anasoma gazeti.

Vikombe vyake alivifinyanga mwenyewe. Kijijini kwao ana tanuri limechimbwa kwenye mteremko wa kilima, linachomwa kwa kuni, usiku na mchana, watu wanapokezana kulisha moto kama wanauguza mgonjwa. Hapaki rangi. Alinieleza kwamba majivu ya kuni yanapaa na moto, yanaangukia vikombe, joto likizidi yanayeyuka yanakuwa kama kioo. Moto ukipita huku, panakuwa pekundu. Ukipita kule, panakuwa peusi. Hakuna kinachofanana na mwenzake.

"Kwa hiyo wewe hujui kitatoka vipi?" nikamuuliza.

"Sijui," akasema, anacheka. "Moto anajua."

Kwetu kitu kikiamuliwa na moto peke yake, wageni wanalala njaa.

Huyu mzee nilimpenda, nisifiche. Aliwahi kunikuta nimelala zamu mchana kweupe, mdomo wazi, geti wazi. Badala ya kunifukuza akaenda kuleta shuka akanifunika. Nilipoamka nikamkuta amekaa kwenye kiti changu analinda.

Nilipooa, watu walileta masufuria, vitenge, na jogoo mmoja aliyekuwa na hasira. Mzee akaleta kisanduku cha mbao, kizuri, kimefungwa kwa utepe. Mke wangu alikuwa amekaa kibibi harusi, macho chini, lakini niliona jicho moja limepanda kuangalia kile kisanduku. Nina hakika aliwaza dhahabu.

Vilikuwa vikombe viwili vya sake. Na vilikuwa vimeungua. Sisemi kwa dharau, nasema nilichokiona. Upande mmoja udongo mtupu, upande wa pili mweusi kama sufuria la makande, na begani kumemwagikiwa kitu cha kijani kimeganda, kama uji uliofurika jikoni. Mdomo haukuwa duara. Ubavuni kuna shimo, mtu kabonyeza kidole gumba udongo ukiwa mbichi. Nikampokea mzee kwa mikono miwili, nikashukuru mpaka nikainama. Tulipofika chumbani nikamwambia mke wangu, "Mzee ameshaanza kuzeeka. Katuletea vilivyoharibika."

"Vile vizuri atakuwa amewapa ndugu zake," mke wangu akasema.

Haikupita muda, mzee akamaliza mkataba, akarudi kwao. Vikombe vikabaki vinaranda ndani ya nyumba kama wageni wasioaga. Nyumba yetu iko kwenye mawe, sakafu imeinama, na friji ilikuwa inatikisika kila ikianza kunguruma. Siku moja nikachukua kimoja nikakigeuza, nikakiweka chini ya mguu wa friji. Kikaenea sawasawa. Nikajisifia nyumba nzima. Cha pili mke wangu akampelekea mama yake, na mama, bila kuuliza mtu, akakifanya cha ugoro. Kidole gumba chake kilikaa kwenye lile shimo la ubavuni kama alipimiwa. Hayo nilisimuliwa na mke wangu, nikacheka sana. Wakati ule kucheka kulikuwa rahisi.

Ndipo mzee akatuma sauti kwenye simu. Anakuja kutembea. Anataka kuwaona wanafunzi wake, na anataka kupita juu ya daraja la Busisi, maana miaka yote alikuwa anangoja kivuko huku analiangalia linajengwa. Halafu akasema hivi, kwa Kiswahili chake kile kile: "Ninaleta sake. Tutakunywa mimi na wewe, kwa vikombe vile vile. Nataka kuona vimekuwaje."

Kuona vimekuwaje. Nilisikiliza hiyo sauti mara nyingi nikitumaini itabadilika.

Cha friji nilikitoa jioni hiyo hiyo, friji ikapiga kichwa ukutani. Nikakisugua kwa mchanga na steelwaya, kama tunavyosugua masufuria ziwani, nikidhani yale majivu yatatoka. Hayakutoka. Kilichotoka ni ngozi ya vidole vyangu. Nikamwambia mke wangu, "Sasa nenda kwa mama, ukachukue kile cha pili."

"Mimi?" akasema. Alikuwa anachambua dagaa, hakuinua hata uso. "Nimempa mama kitu kwa mkono wangu, leo niende nikamnyang'anye?"

"Mwambie tutamrudishia."

"Kimejaa ugoro. Mpaka urudishe, ugoro wake utakaa wapi, kwenye mfuko? Nenda mwenyewe."

"Mwenyewe vipi? Mimi na mama hatuongei."

"Si ulisema vimeharibika? Mwambie mgeni wako moto ndio ulioamua."

Nikaona ndoa haina msaada. Nikamwendea rafiki yangu, ana kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, anabebea nyanya sokoni, mtu ambaye hajawahi kuniacha kwenye ujinga hata mmoja, yeye huwa anaendesha. Mpango ulikuwa hivi: Jumapili mama yuko ibadani, tunafika Kisesa, yeye anasimama barabarani analinda, mimi naingia jikoni, namimina ugoro kwenye mfuko safi, nachukua kikombe. Mzee akishaondoka, narudisha kila kitu Jumapili inayofuata, mama hajui.

"Na ukikutwa?" akauliza.

"Wewe si utapiga honi?"

"Honi haifanyi kazi."

"Basi utakohoa."

Jiko la mama ni kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba. Kikombe alikuwa anakificha nyuma ya mtungi, kwa sababu yeye ni mtu wa kanisa, yuko kwenye kamati ya akina mama, na mchungaji akipita hupenda kuchungulia mpaka jikoni, na ugoro kwao ni dhambi. Niliingia nimeinama. Kulikuwa na kuku mmoja amelalia mayai kwenye kona, akaniangalia kwa jicho moja. Nikapiga magoti, nikapeleka mkono, nikakigusa. Nikakivuta. Na hapo nikafanya kosa la kukisogeza usoni nione kama ndicho.

Nikapiga chafya. Chafya ya kwanza ikarusha ugoro wote hewani. Ya pili ikauvuta wote puani. Macho yakajaa maji, nikawa nasikia tu. Na nilichosikia ni nyayo, lakini haziji kutoka barabarani. Zilikuwa zinatoka upande wa shamba la mihogo. Rafiki yangu alikuwa analinda barabara kwa uaminifu mkubwa, ila mama alikuwa amekata njia ya shambani.

Akasimama mlangoni. Mimi nikageukia ukuta, yeye akageukia nje. Kwa desturi hawezi kuongea na mimi, na kwa desturi hiyo hiyo siwezi kumpita mlangoni nikakimbia. Tulikuwa tumekwama wote.

Mwishowe akaongea. Na kuku.

"Wewe kuku," akasema polepole, "nani huyo anapiga chafya jikoni kwangu?"

Kuku akanyamaza. Nikaona hapa lazima mtu ajibu. "Kuku, mwambie mama shikamoo."

"Kuku, mwambie marahaba. Muulize anatafuta chumvi?"

"Kuku, mwambie hapana. Natafuta kikombe. Yule mzee wa Kijapani aliyekifinyanga anakuja, anataka kunywea humo. Tulikuwa tunaogopa akijua kimekuwa cha ugoro atajisikia vibaya."

"Ugoro?" sauti ya mama ikapanda kidogo. "Kuku, huyu mtu anasema ugoro gani? Hiyo ni dawa yangu ya kichwa."

"Kuku, mwambie ni kweli, ni dawa. Hata mimi kichwa kimefunguka."

Nikasikia kama anacheka, lakini sikugeuka. Ndipo ikaniingia akilini kwamba ibada haijaisha. Kengele haijagongwa. Mama alikuwa ametoroka wakati wa matangazo kuja kuvuta.

"Kuku," nikasema, "muulize mama kanisani wametoka mapema?"

"Kuku, mwambie nimefuata kitabu cha nyimbo."

Kwa pembeni ya jicho nilikiona kitabu cha nyimbo kwapani kwake. Yeye naye aliniona nimekiona. Tukawa sawa.

"Basi, kuku, sikia," akasema, na sasa sauti ilikuwa ya mtu aliyeamua. "Kikombe nilipewa na mwanangu. Hakitoki hapa. Huyo aliyekifinyanga ana miguu, aje akione mwenyewe. Na huyu mtu atoke kwa nyuma, mimi naangalia mihogo."

Nikatoka kwa nyuma. Nyuma hapakuwa na mlango, nyasi zilikuwa zimechakaa, nikapita nazo. Rafiki yangu aliponiona nimevaa ukuta wa jiko begani hakuuliza kitu. Akakohoa.

Mzee alifika wiki hiyo. Tulimvusha daraja la Busisi na ile kirikuu. Alipogundua gari limetengenezwa kwao akaipapasa dashibodi kama amekutana na mtoto wa shangazi yake. Juu ya maji akawa anacheka peke yake, anahesabu magari yanayopita bila foleni. Mimi sikuona daraja wala maji. Nilikuwa nawaza nitamwambia nini. Nilijipanga niseme kimoja kimevunjika. Nikajipanga niseme kimeibiwa. Kila uongo niliobuni ulimfanya mzee awe mtu aliyefunika shuka jitu lisilojua thamani ya kitu. Mwisho nikamwambia tu, "Mzee, kikombe kimoja kiko kwa mama mkwe wangu, Kisesa. Anataka wewe ukione kule."

"Mama mkwe anakunywa sake?"

"Hapana. Ana matumizi yake."

Kisesa mama alikuwa amevaa kitenge kipya. Mzee akaamkia shikamoo ingawa wanalingana umri, mama akafurahi akaitikia, akampa kiti chenye mto. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba, mahali pangu pa halali, nikakaa juu ya jiwe na mbwa. Rafiki yangu akakaa na wao, yeye si mkwe wa mtu. Kwa hiyo mengine yote niliyasikia kupitia ukuta.

Nilisikia mke wangu anatoa kile kikombe chetu kwenye kisanduku. Mzee akakigeuzageuza.

"Hiki," akasema, "kimelala."

Mbwa akaniangalia.

"Kilikuwa wapi?"

Na mke wangu, niliyemtolea mahari, mama wa watoto wangu, akasema, "Chini ya friji, mzee. Kilikuwa kinashikilia mguu. Baba yao ndiye alikiweka."

Nilifumba macho. Nilitamani lile jiwe lizame na mimi ardhini. Halafu nikasikia sauti ambayo sikuielewa mara moja. Mzee alikuwa anacheka, cheko la mtu anayeshika tumbo. "Friji!" akasema. "Friji ni nzito sana. Na hakijavunjika?" Akakigonga kwa ukucha, kikalia kama kengele ndogo. "Basi nilikichoma vizuri."

Kisha mama akaleta cha kwake. Baadaye mke wangu alinieleza kwamba mzee alikishika kama mtu anashika kifaranga. Kile kikombe kilikuwa kimebadilika. Udongo uliokuwa mkavu ulikuwa umeiva, unang'aa kwa mafuta ya mkono wa mama, na lile shimo la kidole gumba limelainika kama kokoto ya ziwani. Akaweka kidole chake pale, akamwomba mama naye aweke chake.

"Sasa kimekuwa kikombe," akasema. "Mimi nilianza. Huyu mama amemaliza."

"Ni cha dawa ya kichwa," mama akasema haraka.

"Naomba dawa," mzee akasema.

Zilipigwa chafya pale, nyingine sijawahi kuzisikia, za Kijapani, zinaanzia juu zinashuka. Mama akacheka kwa sauti. Miaka yote ya ukwe wetu sikuwa nimewahi kusikia mama anacheka wazi. Kisha nikasikia viti vinasogea, na mama anasema, "Njoo, baba, nikuonyeshe ninapokiweka," na nyayo zao wawili zikaelekea jikoni. Alimwonyesha mtungi. Alimwonyesha tundu kwenye nyasi. Mzee akauliza ni mnyama gani alipita pale. "Ng'ombe," mama akasema. Kuku hakuulizwa.

Baadaye mzee akaja nyuma ya nyumba na chupa yake, kikombe cha friji mkononi. Akachuchumaa pembeni ya jiwe langu. Nikaanza kusema samahani, akanyoosha mkono kama anasimamisha gari. Akamimina, akanipa mimi kwanza. Nikakishika kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza nikakigeuza, nikakitazama. Ile kijani iliyomwagika ilikuwa imeshuka ikasimama katikati, tone zima limeganda kabla ya kudondoka. Nikanywa. Ilikuwa ya uvuguvugu, ina harufu ya wali. Nikamrudishia, akajimiminia, akanywa palepale nilipoweka mdomo. Tukaendelea hivyo, kikombe kimoja, hatuongei sana.

"Ukifika nyumbani," akasema, "friji itafutie tofali."

Jioni tulimshusha hotelini kwake, tukarudi mimi na rafiki yangu peke yetu, mke wangu amebaki kwa mama. Nilikuwa na furaha mpaka nikaanza kupiga mluzi. Rafiki yangu akapunguza gia.

"Kaka," akasema, "yule mzee kapewa kiti chenye mto, kavuta dawa ya mama, kaingizwa jikoni kwa mlango. Wewe umeshinda na mbwa, na mkeo kabaki kule kule. Mimi ningekuwa wewe ningewahi kurudi nyumbani nikaangalie kama nguo zangu bado ziko kabatini."